Kozi ya Nne

Jumanne, 19 Agosti

Leo wamemfukuza Lorraine. Neno lenyewe hawakulitumia, wamesema nafasi yake "imeunganishwa." Imeunganishwa na nini? Na mimi. Miaka kumi na miwili tulikuwa watatu katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mmoja alistaafu Mei, leo ameondoka Lorraine, nimebaki mimi, Bernadette Okerlund, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, pamoja na wanafunzi mia mbili na kumi na wanne waliotoka kila pembe ya dunia kuja kusoma kwenye mji huu wa Norrby, ambao hata watu wa jimbo hili hawajui ulipo.

Nilimsaidia kubeba maboksi hadi kwenye gari. Hakulia. Alifunga buti kwa kishindo, akaniambia, "Wee Bernie, nunua daftari. Andika kila kitu, na tarehe uweke. Mimi sikuandika, leo sina hata pa kuanzia."

Nimelinunua. Ndilo hili.

Jumapili, 24 Agosti

Siku ya mapokezi. Nimeendesha basi dogo la chuo hadi uwanja wa ndege na kurudi mara mbili, siku nzima imeishia barabarani. Wageni kumi na tisa. Mmoja kapoteza begi. Mwingine kapoteza pasi ya kusafiria, tumepekua kila kitu, kaikuta ndani ya soksi aliyoivaa.

Bila Dilnoza ningezimia. Dilnoza Yuldasheva ni Muuzbeki, yuko mwaka wa pili, anasoma kemia. Ni mfupi, ana sauti ya mtu wa kuamrisha gwaride. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe. Alisimama mbele ya basi akawageukia wenzake.

"Sikilizeni. Mmarekani akikuuliza hujambo, hataki kujua. Mwambie sijambo, uendelee na safari yako. Na kuanzia Oktoba mtu asitoke nje na nywele mbichi, zitakatika kama tambi."

Wakacheka.

"Mnacheka. Njooni mnicheke Januari."

Ananiita opa. Kwao ni dada mkubwa, na mwalimu wa kike naye huitwa hivyo. Mimi sina hata cheti cha ualimu, lakini sijawahi kumkatalia.

Jumatatu, 25 Agosti

Fomu, fomu, fomu.

Jumatano, 3 Septemba

Tumehamishwa. Nasema "tumehamishwa" kana kwamba tuko wengi. Nyumba ya ofisi yetu, ile ya mlimani, wamepewa watu wa kuchangishia chuo pesa, mimi nimeshushwa chini ya ardhi kwenye bweni la kaskazini, ukuta mmoja na mashine za kufulia. Mtoto wa watu anakuja kunieleza kwamba baba yake amefariki huko kwao, na nyuma yake mashine inakamua suruali za mtu.

Mark alishuka kunitazama, ameniletea kahawa. Mark Halvorsen ndiye Mkuu wa Wanafunzi, bosi wangu. "Bernie," akasema, "wewe ndiye moyo wa chuo hiki."

Nilimwambia moyo haukai ghalani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Siwezi kumkasirikia Mark. Roy, mume wangu, alipofariki, Mark alikuja na koleo lake akaniondolea theluji mlangoni majira yote ya baridi, kila asubuhi kabla ya kazi, na hakuna aliyemtuma. Nilimwambia Lorraine hivyo kwenye simu. Akanijibu, "Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe unashukuru harufu." Nilimkatia.

Alhamisi, 11 Septemba

Profesa Gerald Prewitt wa kemia ameniandikia tena. "Bibi Okerlund, wanafunzi wako wananyamaza darasani. Wafundishe kuuliza." Wanafunzi wangu! Kana kwamba nimewazaa na kumwachia mlangoni. Wananyamaza kwa sababu wanamwogopa. Miaka kumi na tisa namjua mtu huyu, tangu kabla sijaingia ofisi hii, na sijawahi kuyaona meno yake. Mwaka juzi alimliza msichana wa Kivietinamu kwa ajili ya chupa ya maabara isiyooshwa vizuri. Chupa!

Ijumaa, 19 Septemba

Kibofu cha nyongo kimenishinda. Jumatatu napasuliwa. Nilitaka kuahirisha hadi Krismasi, Mark akakataa katakata. "Nenda ukatibiwe, Bernie. Nitakaa kwenye kiti chako mwenyewe."

Ni kweli anaweza. Serikali inatambua maafisa wawili tu hapa chuoni wanaoruhusiwa kuandika kwenye mfumo wake wa wanafunzi wa kigeni, mimi na yeye. Nilimwachia karatasi ukutani yenye mambo matano ya kukumbuka. La kwanza nililiandika kwa wino mwekundu: mwanafunzi wa kigeni lazima awe na kozi nne. Akitaka kuacha moja, ruhusa iandikwe kwenye mfumo KABLA hajaiacha, la sivyo hadhi yake ya uanafunzi inaanguka na visa inakuwa karatasi tupu.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimeshonwa. Nakunywa supu. Bata bukini wameanza kupita kwenda kusini, wanapigiana kelele kama kikao cha wahadhiri.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi. Barua pepe mia nne na kumi na moja. Karatasi yangu ya ukutani haipo, mahali pake kuna picha ya mbwa wa Mark. Anasema ilidondoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hili naliandika lote.

Leo ndipo nimepata nafasi ya kupitia orodha za kozi, jina kwa jina. Ni kazi ambayo Lorraine aliifanya kila mwisho wa Septemba bila kukosa. Herufi ya Y niliifikia saa tisa alasiri. Yuldasheva, Dilnoza: kozi tatu.

Nikafunga kompyuta, nikaifungua tena. Tatu. Kozi ya kemia ya Prewitt aliiacha tarehe 26 Septemba, na kwenye mfumo wa serikali hakuna ruhusa, hakuna hata alama. Maana yake, kwa wiki tatu mtoto huyu amekuwa nchini kinyume cha masharti, na hajui.

Nilimpigia simu. Alikuja kutoka maktaba anakofanya kazi, vumbi la vitabu limemjaa mikononi.

"Nani kakuruhusu kuacha kozi?"

"Mkuu Mark."

"Dilnoza, usinidanganye."

"Opa, nilikuja hapa hapa. Wewe ulikuwa hospitali. Yeye alikaa kwenye kiti chako hicho."

"Mark anaijua sheria. Asingefanya hivyo."

"Alisema haina shida."

"Nyinyi mkibanwa hamkosi kutaja jina la mkubwa. Nimeshaona wengi. Uongo wako usiniletee humu!"

Nilipiga kelele. Wavulana wawili waliokuwa wanakunja nguo zao upande wa pili wakageuka kututazama. Dilnoza hakulia. Alichukua koti lake kwenye kiti akalivaa polepole, kifungo kwa kifungo.

"Nimeshasema nilichosema," akaniambia, akatoka.

Nikampigia Mark. "Dilnoza yupi?" akauliza. "Watoto walikuwa wengi wiki ile, Bernie. Sikumbuki. Lakini hebu niambie, nimruhusu mtu halafu nisiandike? Mimi ni mjinga?" Nikamwambia hapana, wewe si mjinga. Tukacheka pamoja.

Nani basi? Prewitt. Kamtisha, kamfukuza darasani, na mtoto kwa aibu kamtupia Mark mpira. Ndivyo ninavyoona. Nina siku ishirini na moja za kuripoti, kisha lazima nifunge rekodi yake kwa mkono wangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimetafuta kozi fupi ya nusu muhula ya kuziba pengo. Zipo tano. Zote zilifungwa Ijumaa iliyopita. Siku saba! Ningepitia zile orodha wiki moja mapema.

Jumanne, 21 Oktoba

Nilipanda kwa Prewitt nikiwa nimejaa hadi kooni. Alikuwa peke yake maabara, amevaa miwani yake mikubwa ya kukingia macho. Sikumsalimu.

"Umemfukuza mtoto darasani kwako," nikamwambia, "na sasa atafukuzwa nchini. Umefurahi? Miaka kumi na tisa unawatesa watoto wa watu, hawana mama hapa, hawana mjomba wa kuja kukutolea macho, basi nimekuja mimi!" Nilisema mengi. Nilimtaja hadi yule Mvietinamu na chupa yake.

Akavua miwani. Akaenda kwenye sinki akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. "Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza."

Nikavuta kigoda cha maabara nikaketi.

"Alikuwa anaanguka," Prewitt akasema. "Akili anazo kuliko wenzake wote. Saa za maktaba zilikuwa nyingi mno, na alikuwa anaona haya kuniuliza swali. Angepata alama mbaya, ufadhili wake ungekwenda. Nikamshauri aiache, airudie muhula ujao. Lakini nikamwambia aanzie ofisini kwako, maana najua mna sheria zenu. Akaogopa. Nikamsindikiza."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikaa kwenye lile benchi la mashine za kufulia. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia Mark akimwambia, 'Iache tu, haina shida, nitashughulikia.' Halafu akamwuliza kama kwao theluji inaanguka."

Mark humwuliza hivyo kila mgeni. Kila mmoja. Aliwahi kumwuliza hata Mfini, ambaye kwao theluji ni nusu mwaka.

"Na mimi ni mtu wa kuandika," Prewitt akaendelea. Akafungua droo, akanipa karatasi mbili. Ya kwanza ni barua pepe yake kwa Mark alasiri ile ile: "Nathibitisha kwamba umemruhusu Bi Yuldasheva kuacha kozi yangu, na kwamba utaweka ruhusa hiyo kwenye mfumo." Ya pili ni jibu: "Ndiyo! Asante Gerry!"

Nikaisoma mara tatu.

"Sijawahi kuitwa Gerry," Prewitt akasema.

Niliteremka ngazi na karatasi mbili mkononi. Dilnoza alisema kweli tangu neno la kwanza, na mimi nikamwita mwongo mbele ya watu wanaokunja soksi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Niliweka karatasi mbili juu ya meza ya Mark. Akazisoma. Uso wake haukubadilika sana, shingo tu ndiyo iliyopata rangi.

"Funga mlango, Bernie."

Nikafunga. Akaanza na sauti yake ile laini. Kwamba siku ile alikuwa na mikutano sita. Kwamba ni mambo ya binadamu. Kisha akafika alipokuwa anapelekea. Kibali cha chuo cha kupokea wanafunzi wa kigeni kinaisha muda wake baada ya mwaka mpya. Tukiiandikia serikali kwamba kosa ni letu, watakuja kutukagua.

"Wakitunyang'anya kibali," akasema, "watoto mia mbili na kumi na wanne watafunga mizigo. Hilo ndilo unalotaka?"

"Watakuwa mia mbili na kumi na watatu. Huyu mmoja unamfungisha mizigo wewe, leo."

"Sikuombi uandike uongo. Andika tu kwamba alielezwa sheria siku ya mapokezi, kama wote. Alielezwa, hakuelezwa?"

Alielezwa. Nilimweleza mimi. Hapo ndipo damu iliponichemka, maana alikuwa amechagua ukweli mdogo kabisa ili amzibe nao mdomo mtu mwenye ukweli mkubwa.

"Uliniambia hukumbuki," nikasema.

"Nilikuwa sikumbuki."

"Na sasa?"

Akajitia hamnazo, akapanga kalamu zake. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kinywani mwake. "Nilikuondolea theluji majira mazima, Bernie."

Nilimtazama. Miaka minne nimekuwa nikimwombea heri mtu huyu. Kumbe alikuwa ameiweka ile theluji mahali, anasubiri siku ya kunidai.

Sikupiga kelele. Nilichukua karatasi zangu nikatoka.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua ya barafu. Nimempigia Dilnoza mara nne. Hapokei.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hapokei.

Jumatano, 5 Novemba

Kesho siku ishirini na moja zinaisha. Nisipofunga rekodi, nimevunja sheria mimi, na ombi lake la kurejeshewa hadhi litachafuka tangu mwanzo. Nikifunga, nimemtia kalamu nyekundu mtoto ambaye hakukosa. Nimempigia wakili wa uhamiaji aliye mjini, mama mmoja mkavu lakini mwaminifu. Akaniambia, "Funga, halafu uandike ukweli. Hakuna njia ya tatu."

Mfumo wenyewe hauna haya. Unabonyeza jina lake, unatokea mstari wa sababu, unachagua moja. "Mwanafunzi amepunguza kozi bila ruhusa." Mwanafunzi. Hakuna sababu inayosema "Afisa alijisahau." Hakuna inayosema "Ofisi ya watu watatu imeachiwa mtu mmoja mwenye tumbo lililoshonwa." Nimetafuta orodha nzima, juu hadi chini. Kisha ukauliza: Una uhakika?

Nikabonyeza.

Kufikia mchana maktaba walikuwa wamemwondoa kazini, maana aliyefungwa rekodi haruhusiwi kufanya kazi. Harusi ya dada yake ni Januari, tiketi alishakata. Sasa akitoka hataweza kurudi.

Nilimwandikia mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Alijibu neno moja. "Nimepokea."

Jumamosi, 8 Novemba

Theluji ya kwanza. Nilivaa buti nikaenda bwenini kwake bila kupiga simu. Alikuwa jikoni, jiko la wote la ghorofa ya pili, anakatia karoti kwenye sufuria ya wali. Akaniona. Hakuacha kukata.

"Bi Okerlund."

Opa imekwisha. Nilistahili.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuita mwongo."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasema kweli."

"Najua. Nilikuwepo."

Nilibaki nimesimama na kofia mkononi, theluji inanidondoka sakafuni. Yeye akakoroga, akafunika sufuria, akapunguza moto. Halafu akanigeukia.

"Nililia baadaye, lakini si kwa sababu ya visa," akasema. "Visa ni karatasi. Nchi hii kila ofisi ninayoingia, benki, hospitali, popote, naingia na makaratasi kifuani ili waniamini. Kwako tu nilikuwa naingia mikono mitupu."

Niliinama nikaanza kufuta theluji sakafuni kwa kofia yangu.

"Kaa," akaniambia baadaye. "Unalowesha sakafu. Sasa niambie, tunafanya nini?"

Nikamweleza. Kuna ombi la kurejeshewa hadhi. Lazima tuonyeshe kwamba kosa halikuwa mikononi mwake, na kwamba afisa alikuwa na uwezo wa kumruhusu na kweli alimruhusu. Barua ya chuo ndiyo uti wa mgongo.

"Na Mkuu Mark atakubali kuiandika?"

"Hapana. Nitaiandika mimi."

"Watakufukuza."

"Pengine."

Akapakua wali sahani mbili. Tulikula. Ulikuwa mtamu, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba kila punje niliitafuna kama ninaigombeza.

Jumatatu, 17 Novemba

Barua imekamilika. Nimeiandika upya mara sita. Wakili amenifundisha kutoa maneno ya hasira, eti mkaguzi anataka tarehe, hataki matusi. Basi nimempa tarehe. Tarehe 26 Septemba mwanafunzi alifika ofisini na kuomba ruhusa. Alipewa kwa mdomo na afisa aliyeidhinishwa. Afisa hakuiandika. Barua pepe mbili zimeambatanishwa. Profesa Prewitt ameandika ushahidi wake ukurasa mmoja, mistari imenyooka kama imepigwa rula.

Na la mwisho nililiweka mwenyewe, wakili alisema si lazima: kwamba mimi, Bernadette Okerlund, sikupitia orodha za kozi hadi tarehe 16 Oktoba, na kwamba ningezipitia wiki moja mapema mwanafunzi huyu angepata kozi ya kuziba pengo. Kama ni kusema ukweli, nisijichagulie mimi ule unaonipendeza.

Nakala nimemtumia Mark kabla ya kuituma. Sikutaka aseme nilimzunguka.

Jumatano, 19 Novemba

Tumeituma, mimi na Dilnoza, posta ya mjini. Mark amenipigia mara tano. Sikupokea. Zamu yangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Mark, mimi, na mwanamke wa idara ya wafanyakazi ambaye jina langu alilisoma kwenye karatasi. Nafasi yangu "itaunganishwa." Siku ya mwisho ni 19 Desemba. Nilimwuliza yule mwanamke, itaunganishwa na nani, maana nyuma yangu hakuna mtu? Akatazama karatasi yake. Mark alikuwa anatazama dirisha.

"Mark," nikasema, "nitazame angalau."

Akanitazama. Nilitarajia kuona mtu mbaya, ningefarijika. Niliona mtu mwoga, mwenye macho mekundu, ambaye angeweza kumaliza jambo zima kwa sentensi moja ya kusema nimekosea, na ambaye angefanya lolote, angemfukuza yeyote, ili sentensi hiyo isitoke. Hasira yangu kwake haikupungua, iliongezeka.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, nimekula bata mzinga nyumbani kwa Lorraine. Hakusema "nilikuambia." Alilisema kwa macho kila aliponipitishia viazi.

Jumanne, 9 Desemba

Ziwa limeganda. Hakuna jibu.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku ya mwisho. Nimeandika orodha ya wanafunzi kumi na saba wanaohitaji kuangaliwa kabla ya Februari, jina, jambo, tarehe. Nimempelekea Mark mkononi, maana kuanzia Jumatatu afisa aliyebaki ni yeye peke yake. Akaipokea. "Asante, Bernie," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea mtoto mchanga na hajui kumshika.

"Uisome," nikamwambia. "Usiitundike chini ya mbwa wako."

Nje ilikuwa baridi ya kukausha machozi kabla hayajashuka. Yasingeshuka hata hivyo, nilikuwa nimekasirika mno. Miaka kumi na miwili, na nilichotoka nacho ni ua la kwenye chungu na buti za akiba.

Jumamosi, 7 Machi

Sijaandika tangu Desemba. Sasa nauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wakinipigia kelele, wananipigia kwa ajili ya misumari.

Kibali cha chuo? Kilitoka mwezi uliopita. Hakuna mkaguzi aliyekuja. Serikali ilituma barua yenye maswali mawili, Mark akajibu, wakagonga muhuri. Maswali mawili! Kwa ajili ya maswali mawili alitaka kumfukuzisha mtoto nchini. Bado ni Mkuu wa Wanafunzi. Nasikia wameajiri kijana mmoja wa ofisini, nusu siku.

Leo mchana gari la Prewitt, lile kuukuu la rangi ya kahawia, limeingia uani kwangu likiteleza. Akashuka yeye, akashuka Dilnoza. Dilnoza alikuwa ameshika bahasha ya serikali kifuani, haijafunguliwa.

"Imefika asubuhi," akasema. "Sitaki kuifungulia kule bwenini."

Nilikuwa na viazi na nyama ya kusaga kwenye oveni. Tukakaa mezani watatu. Prewitt hakuvua koti. Dilnoza akachana bahasha kwa kisu cha siagi, akasoma, uso wake haukuonyesha kitu. Akageuza ukurasa, akarudia wa kwanza. Nilisikia saa ya ukutani, na nilitaka kuing'oa.

"Vipi?" Prewitt akauliza.

"Wamekubali."

Hakuna aliyeruka. Prewitt alitoa kitambaa akafuta miwani yake ambayo haikuwa na doa. "Jumatatu saa mbili asubuhi," akasema. "Maabara. Usichelewe, na ukiwa na swali uliza."

"Nitakuuliza mpaka uchoke, Profesa," Dilnoza akamjibu, na nikayaona meno ya mtu yule, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Ni madogo, yamepangika vizuri.

Walikula. Harusi ya dada yake aliitazama kwenye simu, akatuonyesha: dada mrefu kuliko yeye, amefunikwa shela, na nyuma yake shangazi anayelia mdomo wazi. "Angelia hivyo hivyo hata ningekuwepo," akasema. Akazima simu. Kilichopotea pale hakuna mkaguzi atakayekirejesha, na nikakasirika upya, pale pale, uma mkononi.

Prewitt alitoka kwenda kupasha gari. Dilnoza alibaki mlangoni anafunga buti zake. Nikamwuliza, maana nisingelala bila kuuliza, kama amenisamehe.

Hakunijibu haraka ili kunipendeza. Alifikiri kweli. Alimaliza kufunga buti ya kulia, akafunga ya kushoto, akasimama.

"Bado," akasema.

Akanitazama kuona kama nimeelewa. Nilielewa. Kisha akavaa kofia yake, akasukuma nywele zote ndani, akatoka kwenye theluji.